Nyota hizi zina umri gani? Inategemea umeanza kuhesabu lini

Habari za nyota changa zikitufikia huku Nairobi, huja na namba moja: kundi fulani lina miaka milioni kadhaa, basi. Mimi hainitoshi. Nataka kujua wamehesabu tangu lini.

Chukua kundi la Beta Pictoris. Nyota yenye jina hilo iko umbali wa miaka ya nuru 63 hivi. Jioni za Januari huonekana kusini, magharibi kidogo ya nyota ang'avu Canopus, ila taa za jiji huimeza. Ukiitaka, shuka upande wa Magadi. Nyota nyingine za kundi zimetapakaa pande nyingi za anga, kwa kuwa ziko karibu mno nasi. Kinachozifanya ndugu ni mwendo: zote zinaelekea upande mmoja kwa kasi zinazokaribiana.

Basi wataalamu huurudisha mwendo huo nyuma hadi nyota zisongamane. Pale zinaposongamana zaidi panahesabiwa kuwa ndipo zilipozaliwa, na muda uliopita tangu hapo ndio umri. Mwaka 2002 njia hii ilitoa takriban miaka milioni 12. Mwaka 2020, kwa vipimo vya chombo cha angani cha Gaia, ikatoa milioni 18.5.

Lithiamu, elementi nyepesi iliyomo ndani ya nyota, inasema vingine. Kiini cha nyota kikifikia joto la nyuzi milioni 2.5 hivi, lithiamu huungua, na nyota ndogo huchelewa kufika huko. Ukijua ni nyota za uzito gani zimeshaimaliza na zipi bado zinayo, unao umri. Kipimo cha 2014 kilitoa milioni 21.

Wengi wangechukua wastani wakalala. Mimi nakataa. Kwanza, mwendo ni mgumu kuliko unavyoonekana: kasi ikikosewa kwa kilomita 1 tu kwa sekunde, ndani ya miaka milioni 20 kosa linafika miaka ya nuru 67 hivi, kupita umbali wa Beta Pictoris yenyewe! Tena uvutano wa nyota huusogeza mwanga wake kwenye wekundu kidogo, ikaonekana kama inatukimbia zaidi. Mwaka 2023 watafiti waliporekebisha hilo, umri wa mwendo ulipanda hadi karibu milioni 20.

Pili, na hili ndilo linalonivutia, huenda njia hizi hazipimi kitu kimoja. Utafiti mwingine wa 2023 ulilinganisha makundi kadhaa ukakuta umri wa mwendo ni mdogo, kwa wastani wa miaka milioni 5.5, kuliko umri unaokadiriwa kwa mwangaza na rangi za nyota. Maelezo yao ni kwamba nyota hukaa pamoja kwanza, zimeshikwa na uvutano, ndipo gesi ikiisha hutawanyika. Ni kama kumuuliza kijana umri akakuhesabia tangu alipotoka kwa wazazi na kupanga bedsita Roysambu. Ukichukua wastani wa namba hizo mbili, umeifuta habari yenyewe.

Kwa hiyo umri naiachia lithiamu. Ramani za mahali nyota zilipozaliwa nazisoma kwa tahadhari, hasa zikichorwa kama alama moja bila duara la kuonyesha kosa linaweza kufika wapi.

Data za Gaia ni za bure. Mwanafunzi wa hapa mwenye kompyuta na bando anaweza kuirudia hesabu hii mwenyewe. Aanze kwa kuziondoa nyota pacha, maana huzungukana na kuyumbisha kasi inayopimwa.