Sifa za kikapu zianzie kwenye chane

Picha ya kikapu cha maua cha Kijapani kilichosukwa kwa mwanzi ikipita mtandaoni, watu husifia msuko. Mimi naona tunasifia hatua ya mwisho na kuiruka ile iliyobeba uzito wa kazi: kuandaa chane, vile vipande vyembamba vya kusukia.

Msuka ukindu ameshanielewa. Chane zikipishana upana, mkeka huenda upande hata mkono uwe hodari vipi. Na mwanzi hauna huruma ya ukindu. Mafundi wa Beppu, mkoani Oita, Japani, hutumia zaidi mwanzi uitwao madake, wenye pingili ndefu. Hukatwa kuelekea majira ya baridi, utomvu ukiwa umepungua, hutolewa mafuta kwa kuchemshwa au kwa moto, kisha huanikwa juani. Ndipo fundi hupasua: nusu, robo, nusu ya robo, kisu kikifuata nyuzi. Nyama laini ya ndani huondolewa, libaki ganda. Kila chane huvutwa katikati ya visu viwili vilivyokitwa kwenye kipande cha mti ili upana ulingane, halafu hupunguzwa unene kidogo kidogo, kidole kikipima kisichoonekana kwa jicho. Yote haya, na kikapu bado hakijaanza!

Mwanzi ninaoupenda kuliko yote ni susudake. Huo ulijengewa paa la nyumba ya mkulima, ukala moshi wa jiko la ndani kwa miaka 100 na zaidi mpaka ukawa kahawia iliyoiva. Pale palipofungwa kamba moshi haukupenya, pakabaki mabaka ya rangi hafifu. Fundi anayejua kazi hayafichi. Huzipanga chane ili mabaka yajitokeze kwenye tumbo la kikapu. Nyumba zenye mapaa hayo zimebaki chache, na moshi wa karne nzima hauwezi kuharakishwa.

Fundi wa mianzi wa Kijapani, Iizuka Rokansai (1890–1958), aliipanga kazi yake katika mitindo mitatu: shin, ulio rasmi, gyo, wa kati, na so, ulio huru. Wengi hudhani huo wa mwisho ndio mwepesi. Siafiki. Kwenye shin chane nyembamba hubebana. Kwenye so mwanzi huachwa mpana, wazi, na mpasuo uliokwenda kombo hauna pa kujificha.

Mwaka 1967 Shono Shounsai wa Beppu alikuwa fundi wa kwanza wa mianzi kutambuliwa na Japani kuwa Hazina Hai ya Taifa. Mwaka 2017 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, likafungua maonyesho makubwa ya sanaa hii. Nafurahia heshima hiyo kwa moyo wote. Ombi langu kwa majumba ya makumbusho ni moja: kando ya kila kikapu kilichofungiwa kwenye kioo, wekeni chane moja nje, mgeni aipapase kwa vidole vyake.