Bei ya maharagwe nayo ni habari ya vita

Watu wakiskia mi ni wa Goma, mashariki ya Kongo, swali la kwanza ni waasi wa M23 wamefika wapi, na mi nawajibu muulizeni mzee wangu, baba yangu anaeishi kule, atawaambia kama maharagwe ya Masisi, kule milimani yanapolimwa, yamefika sokoni. Siwakwepi jamani. Barabara ya Masisi ikifungwa maharagwe hayashuki, maziwa hayashuki, makaa yanapanda, so anaenipa bei ya soko ameshanipa hali ya barabara.

M23 walipoingia mjini Januari 27, 2025 umeme ulikatika, pampu za maji zikasimama, intaneti nayo ikapotea tukakaa bila kumpata baba kabisa, na voisi yake ya kwanza ilivyoingia baba anasema "mama, vijana wameenda kuteka maji ziwani, nimewaambia lazima wachemshe." Basi. Hakutaja mabomu wala maiti. Kuna ndugu zangu wanasema wazee wanatuficha mambo, mi sikubali, kwasababu mtu wa Goma anaijua kipindupindu na mji mzima ukirudi kwenye bidoni (madumu) na maji ya Ziwa Kivu hio ni hatari sawa na risasi, tena inabaki ata risasi zikinyamaza.

Alafu kuna mambo ya pesa. Benki zilifungwa toka wakati ule, watu wakawa wanavuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, kutafuta keshi, na baba ananihadithia mama anaeuza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, amekataa noti yake ya faranga ya Kongo eti imechakaa sana, wamebishana pale mpaka akaacha samaki. Yani hapo nimeelewa kila kitu, noti mpya haziingii mjini zinazunguka zilezile hadi zinachanika, na sijaona mchambuzi wa TV akilieleza vizuri ivo.

Juni 27 mwaka huohuo Kongo na Rwanda wakasaini mkataba wa amani Washington, Julai serikali ya Kongo na M23 wakasaini makubaliano ya awali Doha, huku mitandaoni watu wanashangilia, mi nikamuuliza baba kumebadilika nini akasema ndege hazitui na noti ni zilezile.

Kwahiyo nyie wenye wazazi kule, acheni kuwauliza kwenye simu nani anashika mji na wao wanamuunga mkono nani, mnawatia hatarini bure, hamjui nani amekaa pembeni anaskiliza. Waulizeni wamepika nini, makaa bei gani, maji wanatoa wapi, alafu mskilize mpaka mwisho bila kumkatiza mzee.