Watu mia kwa bei ya sita: kwa nini stesheni yangu ndogo imejaa

Juzi usiku nilimaliza kumpaka rangi mtu wa 214 wa plastiki, wa stesheni yangu ya treni za mfano. Ni mama mwenye urefu wa milimita 20, amebeba beseni la vinkubala, viwavi vya kuliwa, kichwani na mtoto mgongoni. Beseni ni ile pete ndogo ya chuma ambayo fundi viatu huigongelea pale kamba inapopita. Mtoto ni chenga ya mchele. Mama mwenyewe, kabla hajafika mezani kwangu hapa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, alikuwa Mzungu mwenye koti la kijani na mkoba, mmoja kati ya mia waliokuja pamoja katika mfuko wa nailoni kutoka China. Mfuko wote niliununua kwa chini ya dola kumi.

Wenzangu wachache tunaopenda treni ndogo hapa Lubumbashi wananiambia napoteza muda. Nunua wachache walio wazuri, wanasema, uwapange vizuri, utosheke. Nimewasikiliza kwa miaka miwili na sikubaliani nao. Anayejenga njanja yetu, yaani reli ya Katanga, anahitaji umati kwanza, na umati haununuliwi kwa bei ya watu wazuri.

Nianze na bei, maana ndiyo inayokata mjadala mapema. Watu wa kampuni ya Preiser ya Ujerumani ni kazi safi sana. Ukimtazama mmoja kwa kioo cha kukuzia unaona vifungo vya shati. Lakini pakiti ya kawaida iliyokwisha kupakwa rangi ina watu kama sita, na kwa fedha hiyo napata watu mia na zaidi wa Kichina. Jukwaa la stesheni yangu lina sentimita 90. Kwa kipimo cha HO, yaani 1:87, kila kitu kikipunguzwa mara 87, hizo ni mita 78. Simamisha watu sita juu ya mita 78, utadhani treni iliondoka jana na hawa wamesahauliwa. Nilijaribu. Nilikaa nikitazama wale sita wazuri, kila mmoja na kivuli chake, na stesheni ilionekana kama siku ya mazishi.

Stesheni yetu haiko hivyo hata siku moja treni inapongojewa. Safari ya kwenda Ilebo, kule Kasai, ni ya siku nyingi, kwa hiyo mtu hasafiri na begi, anasafiri na nyumba. Kuna magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba, magunia ya unga, kuku ndani ya kikapu, baiskeli, sufuria, na mama aliyekwisha kuwasha mbabula, jiko la mkaa, pembeni anapika bukari, yaani ugali, kwa sababu hajui treni itatoka saa ngapi. Wapo waliokuja kusindikiza, wapo waliokuja kuuza maandazi, na wapo waliokuja tu. Ndiyo picha niliyokua nayo. Nkambo wangu, baba yake papa, alifanya kazi ku njanja tangu enzi za BCK, kampuni ya reli ya wakati wa ukoloni, mpaka ilipokuwa SNCZ mwaka 1974, ndiyo SNCC ya leo, na alitupeleka kutazama treni kama wengine wanavyopeleka watoto kutazama mpira.

Mji huu wenyewe uliletwa na reli. Reli ilifika mwaka 1910 kutoka kusini kupitia Sakania, mji ukiwa ndio kwanza unapimwa viwanja. Mwaka 1928 ikafika Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, na mwaka 1931 njia ya kwenda Lobito, bandari ya Angola, ikaunganishwa. Shaba ilitoka kwa njia hizo, na watu waliingia kwa njia hizo hizo, kutoka Kasai na kwingineko, kwenda kufanya kazi migodini na kwenye reli. Familia nyingi za mitaa yetu ya Kamalondo, Kenya na Katuba zina nkambo aliyeshuka kutoka kwenye behewa. Ndiyo maana ninapoona reli ya mfano yenye injini ya bei kali, mabehewa yanayong'aa, majengo safi, na jukwaa tupu, naona kazi iliyoachwa nusu. Naisema kwa uchungu kwa sababu najua saa ngapi mwenzangu alitumia kwenye lile paa.

Sasa, ubaya wa watu hawa wa rahisi nausema waziwazi. Mfuko wa mia hauna watu mia tofauti. Una mikao kama kumi hivi inayojirudia. Rangi imemwagwa tu, koti jekundu, suruali ya bluu, uso wa waridi, vyote vinang'aa kama pipi. Na urefu ni wa kubahatisha. Muuzaji anaandika 1:87, lakini nilipowapima kwa rula nilipata wa milimita 17 na wa milimita 23 katika mfuko mmoja. Mtu wa mita 1.70 anatakiwa kuwa na milimita 19 na nusu. Wa 23 ni jitu la mita mbili.

Hilo la urefu nimelitumia badala ya kulilalamikia. Wakubwa wanasimama mbele, karibu na macho ya mtazamaji. Wa kati wanakaa jukwaani. Wadogo wanakwenda nyuma kabisa, kwenye njia ya vumbi chini ya bomba la moshi na lile lima jeusi la mabaki ya shaba nililochora ukutani. Jicho linadanganyika, linaona mbali. Meza yangu ina upana wa sentimita 60 tu, na wale wafupi wameniongezea kilomita nzima.

Tatizo la mikao nalo linatatuliwa kwa wembe, na hapo ndipo bei ndogo inakuwa faida kubwa kuliko uzuri. Mtu wa Preiser ninamwogopa. Nikishika wembe karibu naye mkono unatetemeka, maana nikikosea nimetupa fedha. Huyu wa Kichina nakata mkono begani, naugeuza juu, natia gundi kali, anakuwa ameshika beseni kichwani. Nikikosea, yuko ndugu yake pacha ndani ya mfuko. Nimekata miguu ya wanaume kumi na wawili nikawakalisha juu ya magunia. Nimebadilisha vichwa. Nimetoa mikoba na kuweka mafurushi. Kwa mtu wa Kijerumani singethubutu, na kwa kutothubutu singejifunza.

Tena ningelazimika kukata tu. Katika pakiti zote nilizowahi kufungua, za bei kali na za rahisi, sijamkuta mama mwenye mtoto mgongoni, wala kijana anayesukuma baiskeli yenye magunia matatu ya makala, yaani mkaa. Nimekuta wafagia mabomba ya moshi, maharusi wa kanisani, wapiga tarumbeta. Watu hao ni wa kwao na huko wanapendeza. Mtoto wangu wa kike, siku ya kwanza nilipowapanga watu bila kuwagusa, alisimama mezani akauliza: "Papa, aba bazungu banafanya nini ku gare yetu?" Nilikosa jibu. Siku ile ile niliwatoa wote.

Namna ninavyowafanya ni hii. Nawaosha kwa sabuni ya vyombo, maana plastiki inakuja na mafuta na rangi haishiki. Nawapaka wote rangi ya msingi ya kahawia iliyoelekea wekundu. Ngozi nachanganya kahawia nne, kamwe si moja, kwa sababu ukitumia kahawia moja umati unakuwa jeshi. Macho sichori. Kwa urefu huu jicho lililochorwa linamfanya mtu aonekane ameshtuka. Kitenge ni karatasi laini ya kujifutia, kipande cha ukucha mmoja, iliyolowekwa kwenye gundi nyeupe na kuzungushwa kiunoni. Ikikauka napaka rangi moja kali, njano au zambarau, halafu nagusa nukta kwa ncha ya kijiti cha meno. Usijaribu kuchora ua halisi la kitenge. Nukta sita zinatosha, jicho linamalizia lenyewe. Mtoto wa mgongoni, ile chenga ya mchele, naipaka gundi pande zote kwanza ili wadudu wasije, kisha naifunga na karatasi ile ile.

Halafu maji ya rangi: akriliki nyeusi na kahawia, tone moja kwa maji mengi, nyembamba kama chai isiyo na maziwa. Inaingia kwenye mikunjo, uso unapata kivuli. Mwisho vanishi isiyong'aa. Kama una fedha ya chupa moja tu, nunua hiyo. Mng'ao ndio unaomfanya mtu aitwe plastiki. Ukiuondoa, hata yule aliyechongwa vibaya anaonekana mtu kwa umbali wa mkono. Na hapa kwetu kuna kitu cha ziada ambacho hakuna duka linalouza: udongo wetu mwekundu. Naukausha, nauchuja kwa soksi nyembamba ya mama watoto, naupaka kwa brashi kwenye miguu ya kila mtu mpaka magotini. Aliyewahi kutembea Katuba mwezi wa tisa anajua kwa nini. Udongo huo huo umejenga kichuguu changu cha sentimita sita, ambacho kwa kipimo ni zaidi ya mita tano, na vya namna hiyo tunavyo kweli.

Kuhusu kuwapanga, nina neno moja tu ninalolishikilia. Ondoa wanaokimbia. Mtu aliyegandishwa mguu juu anapendeza dakika ya kwanza, na baada ya wiki anakuchosha, kwa sababu hafiki. Anayengoja, anayeuza, aliyelala juu ya furushi lake, huyo unaweza kumtazama mwaka mzima na hasemi uongo, kwa kuwa kungoja ndiyo kazi yake. Nawapanga kwa familia, watatu, watano, wakielekeana, na kila msafiri anapata mizigo isiyopungua miwili. Magodoro ni vipande vya sponji. Baiskeli nakunja kwa waya wa shaba, kazi niliyojifunza utotoni tulipotengeneza magari ya waya, ila sasa naifanya kwa koleo dogo na miwani.

Najua wataalamu watanishika kwenye kitu kingine. Reli yangu ya milimita 16.5 kwa HO ni ya upana wa Ulaya, milimita 1435, wakati njanja yetu ni 1067. Ni kweli. Wenzetu wa Afrika Kusini wanatumia kipimo cha 1:64 juu ya reli hiyo hiyo na upana unakaribia sana ukweli. Ningekuwa naanza leo ningefikiria. Lakini mabehewa yangu yaliletwa kidogo kidogo na mjomba aliyeko Ubelgiji, yote ya HO, na hakuna mgeni aliyewahi kuinama kupima reli. Wageni wote wanainama kutafuta mtu wanayemjua.

Anayetaka njia ya katikati, Preiser wanauza pia masanduku ya watu wengi wasiopakwa rangi, na kila mmoja anakuwa nafuu kuliko wale wa sita. Ninao wachache. Nimewaweka pale mbele kabisa, kwa sababu sura zao zinastahili kuonekana. Mmoja ndiye nkambo, amesimama kwenye mkono wa kubadilishia njia, kofia kichwani. Huyo nilimpaka kwa siku nne.

Sasa niko kwenye behewa la abiria. Dirishani panaonekana kifua na kichwa tu, kwa hiyo wote wanakatwa kiunoni, na miguu yao inakwenda kwenye kikopo, huenda ikahitajika. Madirisha ni ishirini upande mmoja, na kila dirisha nataka vichwa viwili. Nimefika cha kumi na nne.