Sigara na baridi yabisi: onyo limfikie nani?

Mtu akigundulika ana baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa ndani ya viungo, hakawii kuulizwa na daktari kama anavuta sigara. Wengi hushangaa. Vilivyovimba ni vidole. Kila asubuhi saa nzima hupita kabla havijaweza kufunga kifungo cha shati. Mapafu yanahusikaje?

Yanahusika mapema kuliko vidole. Moshi unaoingia mapafuni siku nenda siku rudi huamsha vimeng'enya vinavyozibadilisha protini za mwili, vikigeuza kijenzi kimoja cha protini, arijinini, kuwa kingine kiitwacho sitrulini. Kwa watu wengi, mabadiliko hayo hayafiki kwenye viungo. Lakini kwa waliorithi aina fulani za jeni ya HLA-DRB1, kinga huziona protini hizo kama ngeni na kutengeneza kingamwili za kuzipiga vita. Kingamwili hizo, ambazo hupimwa kwenye damu kwa kipimo cha anti-CCP, huweza kuwapo miaka kadhaa kabla kiungo cha kwanza hakijauma. Watafiti wa Uswidi waliotoa maelezo haya mwaka 2006 walikuta kwamba mvutaji aliyerithi jeni hizo kwa baba na kwa mama ana hatari mara 21 ya kupata baridi yabisi yenye kingamwili hizo, akilinganishwa na mtu asiyevuta wala hakuzirithi.

Namba hiyo inatisha, na wanaoitilia shaka wana hoja ya kusikilizwa. Ugonjwa huu humpata takriban mtu 1 au pungufu katika kila watu 100, kwa hiyo hata hatari ikiongezeka maradufu, wavutaji walio wengi hawataugua kamwe. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, ilhali wavutaji wengi duniani ni wanaume. Tena, kwa wagonjwa wasio na kingamwili hizo, uhusiano na sigara ni dhaifu mno. Anayetangaza kwamba sigara inaleta ugonjwa wa viungo, akaishia hapo, amesema zaidi ya alichonacho mkononi.

Tatizo ni pale hoja hiyo inapovutwa hadi kwenye ile kauli ya kujifariji: "Ni ya kurithi tu, hata ningeacha ningeugua." Pacha wa yai moja wanalingana kwa vinasaba, lakini mmoja akiugua, mwenzake huugua katika takriban jozi 15 tu kati ya 100. Kipo kinachoongezwa na maisha. Uswidi, ambako watu wengi hutumia tumbaku ya kuweka chini ya mdomo, yenye nikotini lakini isiyo na moshi, watumiaji wake hawakuonekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya baridi yabisi. Kwa maoni yangu huo ni ushahidi mzito kuliko hata ile namba 21, kwa sababu unaelekeza kidole kwenye moshi na mapafu badala ya nikotini. (Vumbi la mawe linalovutwa na wachimba migodi nalo huongeza hatari hiyo hiyo.)

Magonjwa mengine ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe hayafuati mstari mmoja. Kwa lupasi, ambayo huweza kushambulia ngozi, viungo na figo, hatari ya anayeendelea kuvuta huzidi ya asiyevuta kwa karibu nusu, lakini kwa aliyeacha haionekani kuongezeka. Kwa ugonjwa wa Sjögren, unaokausha macho na mdomo, wavutaji huonekana wachache miongoni mwa wagonjwa. Mimi nisingeuita huo ulinzi: mtu mwenye mdomo mkavu anaweza kuwa ameitupa sigara zamani, kabla hata ugonjwa haujapewa jina.

Kwa hiyo kumlaumu mgonjwa hakuna msingi. Hakuna daktari awezaye kumtazama mgonjwa mmoja akaapa kwamba ni sigara iliyomfikisha hapo. Lakini asifichwe kwamba wanaoendelea kuvuta mara nyingi hupata nafuu ndogo kutokana na metotrekseti, dawa kuu ya ugonjwa huu, na kwamba moyo, ambao baridi yabisi yenyewe huuweka hatarini, hubebeshwa mzigo wa pili.

Anayesahaulika ni ndugu yake. Dada, kaka na watoto wa mgonjwa ndio wenye uwezekano mkubwa wa kuwa na jeni zile zile, na wengi wao bado viungo vyao ni vizima. Hao hawaji kliniki, na mara nyingi hakuna anayewaambia. Kwao suala la muda ni zito, kwa kuwa hatari ya baridi yabisi haiondoki upesi kama ile ya lupasi: hupungua taratibu kwa miongo kadhaa baada ya kuacha, na aliyevuta kwa miaka mingi hubaki na sehemu ya hatari hiyo hata miaka 20 baadaye. Ndugu huyo aambiwe akiwa na miaka 25, mgonjwa akiwa bado anaanza dawa.