Siku ya 31 ndiyo yenye kazi

Ile orodha imerudi tena kwenye magrupu. "Siku 30 za kusafisha utumbo", picha ya dada mwembamba kashika glasi ya juisi ya kijani, na chini yake, pamoja na vyakula vya kuacha, vitu vya kununua: maziwa ya lozi, kwinoa, mafuta ya parachichi, salmoni. Salmoni! Mtu wa Igoma, hapa Mwanza, aagize samaki wa Norwe, na sato wa alfajiri yupo pale Mwaloni Kirumba bado anapiga mkia. Ukiteremka hadi siku ya 30 unakuta neno moja tu: Hongera. Imeisha.

Hasira inaanzia hapo kwenye Hongera. Kuondoa vyakula kwa wiki tatu nne ni kuliuliza tumbo swali, na tumbo hujibu pale vyakula vinaporudi kimoja kimoja. Ukiishia siku ya 30 umeuliza swali ukaondoka kabla hujajibiwa. Tena wengi huishia kwa kishindo: biriani, chapati tatu, soda baridi, na usiku huohuo tumbo linajaa kama ngoma. Kosa la nani, ngano, kitunguu, maziwa yaliyolainishia nyama, au soda? Hakuna ajuaye. Mwezi mzima wa kujinyima umekwenda na maji.

Lakini tuanze na kabla ya siku ya kwanza. Kwetu huku ziwani ukiumwa tumbo, mtaa mzima umeshakupa jibu: vidonda. Hakuna aliyepima. Mwingine ameacha maharage miaka, kumbe ana kichocho cha tumbo. Minyoo ile huingia kupitia ngozi, majini, unapofua, unapovuta nyavu, unapooga ufukweni kwenye konokono, na huleta maumivu, kuharisha, hata damu kwenye choo. Ikiachwa inaharibu ini. Hakuna juisi ya kijani inayoitoa. Dawa yake ni praziquantel, na kipimo ni choo, tena kirudiwe siku tofauti, maana mayai yakiwa machache kipimo kimoja huweza kuyakosa. Kwa anayekanyaga maji ya ziwa kila wiki, Ukerewe, Kome au hapahapa mjini, hili ndilo la kwanza. Pima na bakteria wa vidonda ukiwa hapohapo. Na kama unashuku ugonjwa wa siliaki, ule ambao ngano huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe, damu ya kupima itolewe ukiwa bado unakula ngano. Ukishaiacha, majibu yanaweza kukudanganya. Mwenye damu kwenye choo, anayekonda bila sababu, mjamzito, mtoto, au anayetumia dawa za kisukari asianze haya bila daktari.

Sasa jikoni. Ziko orodha kali zinazoondoa nafaka zote, hata wali. Sawa, kuna waliopata nafuu hivyo, siwabishii. Ila kwa tumbo la gesi na kuharisha, mchele na mahindi mara nyingi hawana kesi. Utaratibu uliofanyiwa kazi na Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, unaviruhusu vyote viwili na kuondoa sukari zile zinazochachuka utumbo mpana. Vinavyotoka ni ngano, maziwa, maharage na ndugu zake, vitunguu, embe, tikiti, soda, pombe. Vinavyobaki ni sahani nzuri tu ya kanda hii: sato mchemsho na ndizi mbichi, ugali, wali, mchicha, karoti, papai. Maziwa yakitoka, dagaa wanaingia, maana wanaliwa na mifupa yake na chokaa ya mwili iko humo. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, mchanga wa kuanikia usije ukasingiziwa kuwa "tumbo limekataa dagaa". Viazi vitamu kiasi, nusu kikombe hivi kwa mlo. Sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, subiri kwanza.

Kitunguu ndicho kinachowaangusha wengi, kwa sababu kimejificha. Mpishi anakuambia "nimekitoa", na kweli amekitoa, baada ya kuchemka robo saa kwenye mchuzi. Fruktani za kitunguu, mojawapo ya zile sukari zinazochachuka, huyeyuka kwenye maji, haziyeyuki kwenye mafuta. Ukikitoa kwenye mchuzi umetoa makapi, chenyewe umeshakinywa. Njia ni hii: kaanga vipande vikubwa vya kitunguu au punje za vitunguu saumu kwenye mafuta moto mdogo dakika tano, vitoe vyote kabla nyanya wala tone la maji halijaingia, endelea kupika. Harufu inabaki. Majani mabichi ya kitunguu pia yanaruhusiwa, ile sehemu ya kijani tu. Vidonge vya supu na viungo vya paketi weka kando, vingi vina unga wa kitunguu. Na unga wa lishe! Watu wanaacha chapati, asubuhi wanakunywa uji wenye ngano na soya humohumo, kisha wanashangaa.

Wiki ya kwanza kichwa kitauma kama ulikuwa mtu wa chai ya rangi vikombe vitano ukakata ghafla. Punguza taratibu. Choo kikiwa kigumu ni kwa sababu umeondoa maharage ukajaza nafasi kwa sangara wa kukaanga: viganja viwili vya mboga za majani kila mlo, papai, maji.

Wiki nne zikipita na hakuna kilichobadilika hata kidogo, acha. Chakula hakihusiki, au si hivyo ulivyoondoa. Usiongeze orodha hadi ubaki na wali na chumvi.

Tumbo likitulia, ndipo kazi. Daftari, saa ya kula, kiasi, gesi, choo. Chakula kimoja, siku tatu, kipimo kikipanda. Maziwa yaliyochemshwa, matupu: robo kikombe, kesho nusu, keshokutwa kikombe. Mapumziko siku tatu. Halafu chapati ya unga, maji, chumvi na mafuta: nusu, moja, mbili. Mapumziko. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa: vijiko viwili, robo kikombe, nusu. Tumbo likichafuka, simamisha, subiri litulie ndipo uendelee na kingine. Kilichofaulu nacho kikae nje mpaka majaribio yote yaishe, vinginevyo vinachanganyikana. Chai ya maziwa yenye sukari na andazi pembeni ni majaribio matatu kwa mkupuo mmoja, haitakuambia kitu. Ila chakula kilichowahi kukuvimbisha midomo au kukubana pumzi kisijaribiwe nyumbani kabisa.

Na jibu likija, lisome vizuri. Robo kikombe imekaa, kikombe kizima kimekushinda: basi maziwa hujakatazwa, umejua kiwango chako. Watu wazima wengi tumbo lao limepunguza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa. Mtindi mara nyingi hukaa vizuri zaidi, bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo. Nusu chapati hukaa, mbili hazikai: kula nusu, na ugali pembeni.

Muulizeni anayeuza ile orodha, siku ya 31 asubuhi mtu anywe nini. Robo kikombe cha maziwa, bila majani ya chai, bila sukari. Hilo tu, na wala halihitaji kuuzwa.