Bwalo la shule ya msingi: tatizo siyo ukuta, ni mlango

Kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu, huku pembezoni mwa jiji la Dodoma, tulibishana karibu masaa mawili juu ya kitu kimoja tu, bwalo. Watoto wanakula makande chini ya miarobaini na wengine kwenye varanda za madarasa, kamati ikaleta wazo kwamba tuchange tujenge bwalo, nusu ya wazazi wakapiga makofi, nusu wakasema hapana, hiyo hela iende kwenye chakula chenyewe kwanza. Tangu siku ile nalizungusha hili jambo kichwani na kusema kweli pande zote zina hoja.

Nianze na wa chakula kwanza maana hesabu yao ni nzito. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 michango ya lazima imeondoka, ila chakula cha mchana kwa shule za kutwa kimebaki kwa wazazi, kwa makubaliano yetu wenyewe. Sasa chukua shule ya watoto 1,000, kila mmoja mpe gramu 150 tu za mahindi, hapo ni kilo 150 kwa siku, gunia moja na nusu, na mwaka una siku 194 za masomo, fanya hesabu mwenyewe, ni magunia kama 290 na bado hujagusa maharage, mafuta, chumvi wala mshahara wa wapishi. Na sisi ni watu wa mvua ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, milimita 500 na kitu mwaka mzima, ikikatika Februari mahindi yanaungua shambani na mchango unakauka hapo hapo. Kuna mama mmoja alisimama akasema bwalo lisilo na chakula ni kivuli cha mbuzi. Sikuwa na la kumjibu.

Halafu kuna stoo. Watu wamesahau haraka mwaka 2016, watu walipoteza maisha hapa Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kwenye mahindi. Mahindi ya shule yanakaa miezi, kama yanalala chini kwenye sakafu yenye unyevu bila chaga na hakuna anayeyakagua basi tunawalisha watoto hatari, na kwa hili sina mjadala, stoo kavu inatangulia bwalo. Jiko nalo linadai hela, maana serikali ilishaelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na kubadilisha jiko la watoto elfu moja kwenda gesi siyo hela ya mboga.

Ila wanaotaka bwalo nao wasionekane wanapenda majengo tu. Nenda pale shuleni mwezi wa saba saa saba mchana uone. Upepo wa Dodoma mnaujua, vumbi linaingia kwenye sahani mtoto akiwa ameshika kijiko, wa darasa la kwanza amechuchumaa, sahani iko mapajani, akisukumwa kidogo tu makande yote yako mchangani na hapo ndio ameshakula hivyo. Wakiingizwa darasani ni makombo, siafu, panya, na kipindi cha mchana kinaanza watu bado wanafagia. Pia kuna kitu kwenye kikao hakuna aliyekisema, paa ni chanzo cha maji. Mita moja ya mraba ikipata milimita moja ya mvua unapata lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 300 kwenye mvua zetu linaweza kukupa zaidi ya lita laki moja kwa mwaka hata ukitoa inayopotea. Matanki ya kuyahifadhi yote ni gharama, sawa, ila hata tanki moja la lita 10,000 lenye koki sita chini linatosha watoto kunawa mikono kwa wiki kadhaa mgao wa maji ukibana.

Sasa kinachonisumbua mimi ni mlango. Chini ya mti hakuna mlango. Mtoto ambaye kwao hawajachanga anajisogeza pembeni, au mwenzake anamkatia nusu, mambo yanaisha kimya kimya. Ukijenga bwalo lenye kuta nne na mlango mmoja, wiki haiishi utakuta mtu amesimama pale na daftari, anaita majina, aliyelipa ingia, ambaye hajalipa kaa nje, na mtoto wa miaka saba anasimama anaangalia wenzake dirishani. Nimeshaona hivi kwenye shule nyingine, kile kibaraza cha nje sijakisahau mpaka leo. Bwalo la namna hiyo ni baya kuliko mwarobaini, hata kama lina marumaru. Kudaiana ni kazi ya watu wazima, orodha ikae kwa kamati na mwenyekiti wa mtaa wamfuate mzazi nyumbani, anayeshindwa kabisa apewe njia nyingine, aje kuchambua maharage, abebe maji, lakini mtoto anakula.

Kwa hiyo mimi ningejenga, ila siyo lile la kwenye mchoro wa kamati. Mita 300 za mraba ni kama madarasa matano, na yale madarasa ya fedha za UVIKO (korona) ya 2021 yalikuwa milioni 20 kila moja, kwa hiyo kwa kiwango kile unaongelea milioni 100 na bei zimeshapanda. Tujenge banda, nguzo, bati na sakafu ya saruji, ukuta mzima uwe upande wa mashariki tu maana upepo mwingi unatokea huko, pande nyingine ukuta wa kufika kiunoni mwa mtu mzima. Linakuwa nafuu, lina hewa, na kelele zinatoka, maana watoto 300 ndani ya kuta za saruji chini ya bati hata mwenzako wa jirani humsikii, mtoto anakula haraka akimbie nje.

Zamu tatu zinatosha, wadogo kwanza maana ndio wanaolia njaa na ndio wanaokula taratibu, dakika 25 kila zamu, na hizo dakika zilindwe, siyo kengele inalia mtoto ana tonge mdomoni. Madirisha ya kupakulia mawili, siyo moja. Benchi za wadogo ziwe fupi miguu ifike chini. Na mwalimu wa zamu akae ale chakula kile kile na watoto, siku makande yakiwa hayajaiva au maharage yana mawe atajua yeye wa kwanza na mpishi atasikia siku hiyo hiyo.

Kikao kijacho napeleka hili kwa mpangilio, stoo na chaga mwaka huu, halafu nguzo na bati na tanki baada ya mavuno, kuta nyingine zisubiri hata miaka mitano.