Kripa anasingiziwa, muuaji ni mwenye upinde

Waulize vijana wa baraza yoyote ya Ng'ambo, hapa mjini Unguja, wakishachoka kubishana Simba na Yanga, nani adui hatari kuliko wote kwenye Minecraft, ule mchezo wa kompyuta na simu wa kuchimba na kujenga. Majibu yatakuwa mawili tu. Wadogo watasema kripa, lile dude la kijani linalolipuka, na wale waliocheza miaka watakwambia Warden, jitu la mapangoni, tena kwa sauti ya mtu aliyeona mambo. Mimi siafikiani na kundi lolote. Anayetumaliza ni skeletoni, lile rundo la mifupa lenye upinde, tunayekutana naye tangu usiku wa kwanza na ambaye hakuna anayemtia maanani.

Tatizo liko kwenye kipimo. Watu wanapima hatari kwa wingi wa uhai na uzito wa kipigo, na kwa kipimo hicho ni kweli Warden hana mpinzani. Ana pointi 500 za uhai, na mchezaji ana 20. Katika kiwango cha kawaida cha ugumu, asiye na deraya akipigwa mara moja tu kwishnei, na hata ukijificha nyuma ya ukuta anao ule mshindo wa sauti unaopita kwenye mawe kama vile hayapo. Sawa. Lakini tangu alipoletwa mwaka 2022 anakaa chini kabisa, kwenye giza la mapango ya sculk, ule utando unaohisi mtikisiko, na hatoki mpaka umechokoza. Unakanyaga, pango linapiga ukelele, unaonywa. Unarudia, unaonywa tena. Anapotoka hatimaye ni kipofu, anafuata mtikisiko na harufu. Ukichutama ukenda polepole, au ukatupa mpira wa theluji upande mwengine, anaweza kukupita. Asiposikia kitu kwa muda wa dakika moja anajichimbia ardhini anarudi zake. Na ukimuua hakupi kitu cha maana. Kwa hiyo aliyeuliwa na Warden mimi namuuliza swali moja tu: nani alikutuma?

Wakubwa wengine nao ni hivyo hivyo. Joka, Ender Dragon, ana pointi 200, lakini hukutani naye ukienda kuteka maji. Mlango wa kwenda kwake unataka macho 12 ya ender, vito vya kuufungulia, na mtu aliyeyatafuta mpaka akayapata alikuwa anajua anakwenda wapi. Wither ndiye kichekesho zaidi. Huyo ni lazima umjenge mwenyewe kwa mikono yako, bloki 4 (vile vipande vya mraba vinavyojenga dunia yote ya mchezo) za mchanga wa roho na mafuvu 3 juu yake, kisha ulie kwamba amekubomolea nyumba.

Hapa Unguja tuna chui. Wazee wametuhadithia chui wa kufugwa, wanaotumwa usiku na wenye uchawi kwenda kudhuru watu, na hadithi hizo zinatisha watoto mpaka leo ingawa huyo chui mwenyewe hata watafiti hawakubaliani kama bado yupo. Mbu hana hadithi. Sijasikia bibi akakaa uani usiku akawatisha wajukuu kwa mbu, na mbu ndiye aliyekuwa akijaza wodi zetu kabla ya vyandarua na dawa ya kupuliza majumbani. Warden ni chui. Nataka tumzungumze mbu.

Ila kwanza kripa, maana mashabiki wake wataninunia. Kripa alizaliwa kwa bahati mbaya: Markus Persson, aliyeanzisha mchezo huu, alikuwa anaunda nguruwe, akachanganya vipimo vya urefu na kimo, likasimama lile dude refu lenye miguu minne mifupi. Likapakwa kijani, likapewa baruti. Nakubali kwamba anaudhi kuliko wote. Anakuja kimya, na jua halimchomi kama linavyowachoma zombi, kwa hiyo unaweza kutoka asubuhi ukamkuta kakusimamia mlangoni. Akikukaribia bloki 3 anaanza kufukuta, na baada ya sekunde moja na nusu ghala lako la ngano halipo. Hiyo ni hasara, na hasara inauma. Lakini nyumba inajengwa upya, na sekunde moja na nusu ukiwa macho ni muda mrefu: unarudi nyuma mbio mpaka uwe mbali naye, anaghairi. Isitoshe anaogopa paka. Kripa wa kweli angeletwa Mji Mkongwe asingevuka hata kichochoro kimoja, angekimbilia baharini.

Sasa njoo kwa skeletoni. Uhai wake ni 20, sawasawa na wako. Mshale wake mmoja hauui mtu mwenye deraya ya chuma. Ndiyo maana anadharauliwa. Ubaya wake hauko kwenye maumivu ya mshale, uko kwenye msukumo. Kila mshale unaokupata unakusukuma nyuma kidogo, na yeye anatupa akiwa mbali, hadi bloki 15, pahali ambapo upanga wako ni pambo tu. Ukimfuata anarudi nyuma huku anapiga. Ukimkimbia anakupiga mgongoni. Kwenye kiwango kigumu anatupa haraka zaidi, karibu maradufu. Uwandani hilo ni usumbufu. Ukingoni ni msiba.

Na mchezo wenyewe unatupeleka ukingoni. Tangu toleo la 1.18 la mwaka 2021, dunia inashuka mpaka kina cha −64, na almasi zinaongezeka kadiri unavyokwenda chini, wingi wake ukiwa karibu na −59. Huko huko, chini ya −54, mapango yanajaa lava. Yaani mali na moto vimewekwa chumba kimoja, kisha chumbani humo humo kwenye giza wakaachwa wapiga mishale.

Mwezi wa Ramadhani nilikaa na mpwa wangu baada ya tarawehe, yeye na wenzake wamejipanga ukumbini kila mtu na simu yake, wanacheza dunia moja. Alikuwa amepata almasi ukutani, juu ya ziwa la lava, kasimama kwenye kijidaraja cha mawe alichokitandika mwenyewe, upana wa bloki moja. Kelele za mifupa kugongana zilisikika mapema, mpaka mimi niliyekaa pembeni na kikombe cha chai nilizisikia. Yeye akasema, "Skeletoni tu huyo, mjomba," akaendelea kuchimba. Mshale wa kwanza ulimgeuza. Wa pili ukamsogeza nusu hatua. Wa tatu sikuuona vizuri, niliona kioo kimekuwa chekundu na watoto wote wamepiga kelele. Upanga, sululu ya almasi, na zile almasi zenyewe, vyote vimeingia kwenye lava. Ukifa pahali pengine vitu vyako vinakaa chini dakika 5, unaweza kurudi mbio ukaviokota. Lava haisubiri, inakula papo hapo, isipokuwa vitu vya netherite, madini magumu kuliko almasi. Uhai aliopoteza kwa mishale yenyewe haukufika nusu.

Na hapo ndipo kesi inapopotoshwa. Kwenye toleo la kompyuta, mtu akifa namna hiyo huandikwa kwamba alijaribu kuogelea kwenye lava akimkimbia skeletoni. Eti kuogelea! Lava inatajwa mwanzo, mwenye upinde anatajwa mwishoni kama mpita njia. Akikuangusha genge, utasoma habari ya kuanguka. Ndiyo maana ukiwauliza watu nini kiliwaua wanasema lava, wanasema shimo, wanasema kuzimu, na skeletoni anabaki na mikono misafi. Ingekuwa mimi ndiye hakimu, nusu ya vifo vya lava ningeviandika kwenye jina lake.

Ana na ndugu zake pia, kila pahali wamewekewa mmoja. Kwenye barafu yupo anayetupa mishale ya kukufanya mzito, na kwenye vinamasi, tangu 2024, yupo wa mishale ya sumu. Waundaji wanajua wanachofanya.

Anayekaribia kumpokonya nafasi hii kwangu ni mtoto wa zombi. Anapiga sawa na baba yake, anakimbia kuliko yeye, anapita kwenye uwazi wa bloki moja uliouacha kwa ajili ya hewa, na mara nyengine anakuja amepanda kuku, jambo ambalo linakuchekesha kwa sekunde ile ile unayotakiwa uwe umeinua upanga. Enderman, yule mweusi mrefu, simuweki. Usimtazame usoni, na ukiwa karibu na maji humuogopi. Ghast, lile dude jeupe linaloelea, anataka tu umrudishie mpira wake wa moto. Phantom, yule anayeruka usiku, huwajia wasiolala usiku tatu mfululizo za mchezo, na tukumbuke kwamba ni wachezaji wenyewe waliompigia kura mwaka 2017 aingizwe. Hao watoto wa ukumbini kwetu walikuwa naye mwezi mzima. Mpaka daku hawajalala, si humu ndani wala kwenye mchezo.

Wapo watakaosema skeletoni ana faida, anatoa mifupa, na mifupa inafuga mbwa na kurutubisha mimea. Kweli. Hata mimi shamba langu la ngano linamtegemea. Lakini mimi sijamwita hana faida, nimemwita muuaji.

Dawa yake ipo na ni rahisi, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Ngao inataka mbao 6 na kipande 1 cha chuma, kitu unachoweza kuwa nacho kabla ya jua la kwanza kuzama. Ikiinuliwa, mshale wa mbele haupiti. Kwenye simu inainuka yenyewe ukichutama. Kama huna, usimfuate kwenye uwazi: jifiche nyuma ya kona, aje mwenyewe, mapigo machache ya upanga wa chuma amekwisha. Tia mienge unapopita, kwa sababu siku hizi maadui wa mapangoni wanazaliwa penye giza tupu tu. Na kabla ya kuchimba almasi iliyo juu ya lava, ziba nyuma yako bloki mbili na utandike ukingo.

Mpwa wangu ameyasikia yote haya. Hataki kubeba ngao, anasema inamziba kioo. Juzi kaniomba nimsaidie kutafuta pango la Warden.